SEMA WEWE, IANDIKE SIMU! Lakini chunga "hana" isije ikageuka "ana"

Wiki hii mapenzi na fasheni tuyaweke pembeni kidogo, twende zetu Kusini. Nimezunguka Masasi, nikapanda Newala, nikifuatilia jambo moja linalowatesa vijana wengi waliomaliza vyuo na kubahatika kupata ajira. Jambo lenyewe ni ripoti!

Ndiyo, ripoti. Ukipata kazi, iwe ubwana shamba, uuguzi, ukarani wa chama cha ushirika au mradi wa wafadhili, usidhani siku itaisha kwa kufanya ulichosomea. Unafanya kazi, halafu unakaa chini kuandika kwamba umefanya kazi. Ripoti ya wiki, ya mwezi, ya robo mwaka. Bosi aliyeko makao makuu hakujui kwa jasho lako, anakujua kwa karatasi.

Sasa kuna ujanja umeingia hadi vijiweni. Kijana haandiki tena, anaisemesha simu. Anabonyeza kile kialama cha kipaza sauti kwenye kibodi, anatiririka kama mtangazaji wa mpira, maneno yanajipanga yenyewe kwenye kioo. Wanaomwona kwa mbali wanadhani anagombana na demu wake. Kumbe jamaa anaandika ripoti ya mwezi!

Je, ujanja huu ni dili au ni kasheshe? Vuta kiti, nikupe mambo.

IMLA SI NGENI KUSINI

Kila aliyepita shule ya msingi anaikumbuka imla. Mwalimu anatembea katikati ya madawati, anasoma sentensi, wewe umeinama unaandika mbio usiachwe. Mambo sasa yamegeuka. Mwalimu ni wewe, mwanafunzi ni simu. Na kama ilivyokuwa darasani, kuna mwanafunzi anayesikia vizuri na yule anayeandika anachodhani amesikia.

Masasi yenyewe ina undugu wa zamani na imla. Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, aliyefika hapo mwaka 1876 na kundi la watu waliokombolewa utumwani, alikuwa fundi wa kazi hiyo. Kabla ya Masasi alikaa Unguja akisimuliwa hadithi na wenyeji, naye akiziandika. Kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilitoka London mwaka 1870. Babu zetu walikuwa wanasema, Mzungu anaandika.

Miaka 30 baada ya Steere kufika, yaani mwaka 1906, alikuja Mjerumani mmoja, Karl Weule, wa makumbusho ya Leipzig. Huyu alipita Masasi na Newala akiwa na fonografu, mashine iliyochora sauti kwenye silinda ya nta. Watu waliimba, mashine ikanasa, kisha ikawarudishia sauti zao wenyewe. Hebu fikiria mshangao wake!

Lakini fonografu ya Weule haikujua hata neno moja la ilichokibeba. Kunasa sauti ni kazi moja, kujua ni neno gani limesemwa ni kazi nyingine kabisa. Hiyo ya pili ndiyo imewachukua wanasayansi miaka mingi.

Mwaka 1952 maabara za Bell za Marekani zilitengeneza mashine iliyoitwa Audrey. Ilitambua tarakimu tu, kuanzia sifuri hadi tisa, basi! Miaka 10 baadaye IBM wakaonyesha ya kwao iliyojua maneno 16. Mwaka 1990 ikaja DragonDictate, programu ya kompyuta iliyouzwa dola 9,000, na ulitakiwa utue baada ya kila neno. Mimi. Nimekwenda. Shambani. Utafika lini? Mwaka 1997 ndugu yake, Dragon NaturallySpeaking, akaruhusu watu waongee mfululizo kama binadamu.

Shida ni kwamba hao wote walisoma shule za Kizungu. Kiswahili kilisubiri. Mwezi Agosti mwaka 2017 ndipo Google walipotangaza kwamba uandishi kwa sauti umeongezewa lugha 30, Kiswahili kikiwemo. Kuanzia hapo, kijana wa Newala mwenye simu janja ya kawaida tu akapata kitu ambacho mwaka 1990 tajiri wa Marekani alikilipia dola 9,000, tena kwa lugha yake.

MASHINE INASIKIAJE?

Usiogope, sikupeleki maabara. Ni hivi: unapoongea, programu inaikata sauti yako vipande vidogo sana, kila hatua kama sehemu moja ya mia ya sekunde. Inavilinganisha na masaa chungu nzima ya sauti za watu wengine ilizofundishwa, zikiwa na maandishi yake. Halafu inakisia. Hapa huenda ni "maji", huenda ni "majani". Inaangalia maneno ya jirani: kama umetaja kisima, inachagua "maji". Kama umetaja mbuzi, inachagua "majani".

Umeona? Mashine inabahatisha, ila inabahatisha kwa akili. Na siku zote inapendelea kilicho cha kawaida. Ukisema kitu ambacho watu wengi husema, itakupatia sawasawa. Ukisema kitu cha ajabu, itakuvuta kwenye cha kawaida.

Sasa ripoti ni nini kama siyo kueleza lile ambalo si la kawaida? Mikorosho ikiwa mizima hakuna anayekusoma. Inasomwa siku umeandika kwamba kijiji fulani kina ugonjwa. Na hapo ndipo mashine inapenda kuchemsha.

Faida yake lakini ipo. Mwaka 2016 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, wakishirikiana na wenzao, waliwapima watu wanaoandika ujumbe kwenye simu kwa Kiingereza na Kichina. Wanaosema waliwashinda wanaobonyeza kwa karibu mara 3 ya kasi. Kiswahili chetu hakikuwamo kwenye jaribio hilo, ila yeyote aliyewahi kubonyeza neno "wanaoshughulikia" kwa kidole gumba anaelewa tunachozungumzia.

BWANA SHAMBA NA "HAMKOSI"

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Pale ukingoni wanapopaita Shimo la Mungu unasimama, unaliona bonde la mto Ruvuma lote limelala chini na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Kitu kimoja ambacho uwanda huu haukujaliwa ni maji ya karibu. Lakini mikorosho imejaa, na penye mikorosho pana mabwana shamba.

Nilimkuta mmoja kijiweni, ametoka kuzunguka na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Jina nalihifadhi, asije akaitwa ofisini bure.

"Kaka mwandishi," akaniambia, "zamani nilikuwa naandika kwenye daftari, nafika nyumbani jioni nimechoka, nusu nimesahau. Mti gani ulikuwa na ugonjwa, mzee yupi alilalamika, vyote vimechanganyika. Siku hizi nasimama chini ya mkorosho, natoa simu, nasema nilichokiona pale pale."

Nikamwambia anionyeshe. Akasogea pembeni, akaivuta simu karibu na mdomo, akasema kwa sauti ya kikazi: "Wanachama wa AMCOS wamepokea salfa kwa ajili ya ubwiriunguri."

Tukasoma kioo pamoja. Loo! Kilichoandikwa: "Wanachama wa hamkosi wamepokea safari kwa ajili ya ubwabwa Unguja."

Kijiwe kizima kilivunjika mbavu. Mzee mmoja aliyekuwa anakunywa kahawa akauliza, "Mwanangu, hiyo safari ya ubwabwa inaondoka lini, na sisi tujiandikishe?"

Cheka, lakini angalia kilichotokea. Mashine haijawahi kukaa kwenye mkutano wa AMCOS, kwa hiyo imeandika "hamkosi", Kiswahili safi kabisa. Ubwiriunguri, ule ugonjwa wa ukungu mweupe unaounguza maua na majani machanga ya mkorosho, haijausikia. Ubwabwa inaujua. Ndiyo maana makosa ya mashine hayafanani na ya kwako ya kubonyeza. Ukikosea kwa kidole unapata neno lililopinda, jicho linaliona haraka. Mashine ikikosea inakupa neno zima, limenyooka, limevaa suti. Jicho lililochoka linapita nalo!

Mwenyewe ana dawa yake. Maneno yote magumu ya kazi anayasema kwa jina la mkato alilolizoea, halafu jioni anabadilisha yote kwa mkupuo mmoja. Ubwiriunguri anauita "ugonjwa mweupe". AMCOS anasema "chama". Mashine inapata bila jasho. Akishamaliza, anakaa kwenye kompyuta, anatafuta na kubadili. Kijana ana akili huyo!

HERUFI MOJA, ROHO YA MTU

Nikashuka Masasi. Huku chini kwenye miamba ile mikubwa inayochungulia mji nilikutana na dada mmoja muuguzi. Kituo chake nacho nakihifadhi. Alikuwa ametoka zamu ya usiku, macho mekundu, lakini alikubali tukae dakika chache kwenye kibanda cha chai.

Yeye hakucheka hata kidogo.

"Kaka yangu," akasema, "nilikuwa naandaa taarifa ya kumkabidhi mgonjwa kwa mwenzangu wa zamu inayofuata. Nikaisemesha simu: mgonjwa hana mzio wa penisilini. Nimekuja kusoma, naona: mgonjwa ana mzio wa penisilini. Nikafuta. Kisha nikakaa nikawaza, je ingekuwa kinyume? Nimesema ana, yenyewe ikaandika hana?"

Wasomaji wangu, rudieni hiyo sentensi polepole. Ana. Hana. Katika Kiswahili chetu, kukubali na kukataa wakati mwingine kumetenganishwa na pumzi moja tu, hiyo herufi "h". Ana homa, hana homa. Ana maji, hana maji. Wazungu wengi kwenye lugha zao wanakataa kwa neno zima linalosimama lenyewe. Sisi tunakataa kwa kupumua!

Na tuambiane ukweli, ni wangapi tunaitamka hiyo "h" ikasikika? Nenda kokote kuanzia pwani hadi Kusini utasikia "apana", "abari", "ajaja". Halafu kuna wale wanaoiongeza mahali isipotakiwa, "hamefika", "hanasema", wakidhani ndiyo usomi. Sisi kwa sisi tunaelewana, maana namwona mwenzangu usoni na najua tunaongelea nini. Mashine haioni uso. Inaisikia pumzi au haiisikii.

Dada muuguzi naye ana dawa yake, na mimi naiona ni bora kuliko zote nilizozisikia safari hii. Hasemi tena "hana". Anasema "mgonjwa hakuwahi kupata mzio wa penisilini, nasisitiza, hakuwahi". Jambo lolote linaloweza kuua analitamka kwa sentensi ndefu ambayo hata ikimegwa herufi moja, maana inabaki imesimama. Na jina la dawa pamoja na kipimo chake anaandika kwa kidole. Hapo hasemeshi kitu.

"Muda ninaookoa kwenye maelezo," akaniambia, "nautumia kwenye kipimo."

Halafu kuna jambo jingine. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitoa uchunguzi wao kuhusu Whisper, programu ya kampuni ya OpenAI inayogeuza sauti kuwa maandishi. Waliona kwamba katika karibu asilimia 1 ya vipande vya sauti walivyovipima, programu iliandika maneno au sentensi nzima ambazo hakuna aliyezitamka. Imetunga mwenyewe! Na iliwatokea zaidi watu wenye matatizo ya kuongea, ambao husita sana katikati ya maneno. Asilimia 1 ni kidogo ukiwa unamwandikia mshikaji wako kuhusu mpira. Kwenye faili la mgonjwa ni kitu kingine.

ELFU HAMSINI NA TANO NI NGAPI?

Kuna mtego mwingine, hesabu. Msimu wa korosho ukifika, kuanzia mwezi wa 10, maghala yanajaa, minada inapigwa, na makarani wa vyama wanaandika namba usiku na mchana. Mfumo wa stakabadhi ghalani unakwenda kwa karatasi: kilo ngapi, daraja gani, za nani.

Sasa niambie, "elfu hamsini na tano" ni ngapi? Utasema 55,000. Mwenzako atasema 50,005. Wote mko sahihi! Watu wazima wanagombana kwa ajili ya hiyo "na", sembuse simu. "Laki mbili na nusu" je? Sisi tunajua ni 250,000. Mashine inaweza kukuandikia maneno matupu, au tarakimu ya kwake.

Na saa ndiyo kimbembe. Ukisema "kikao kilianza saa mbili asubuhi", Mswahili anajua jua limeshachomoza. Mashine iliyozoea saa za Kizungu ikiandika 2:00, ofisi ya Dar itadhani mlikutana usiku wa manane kama wachawi.

Karani mmoja wa ghala niliyeongea naye ana sheria yake na hataki mjadala: "Maneno kwa mdomo, namba kwa kidole." Nilimwuliza kama hiyo haimcheleweshi. Akanitazama kama mtoto mdogo. "Anko, mkulima akikosa kilo zake kwenye karatasi, atakuja kwangu na panga, siyo kwa simu."

DADA WA STESHENARI ANASEMAJE?

Sikuwasahau mabingwa wa siku zote, wale dada wanaochapa barua na ripoti kwenye steshenari za mjini. Nilidhani nitamkuta mmoja analia kwamba simu zimemnyang'anya ugali. Wapi!

"Kazi haijapungua, imegeuka tu," akaniambia huku vidole vinakimbia kwenye kibodi. "Zamani walikuwa wananiletea mwandiko mbaya. Siku hizi wananitumia maandishi marefu kama treni, hayana nukta, hayana koma, hayana aya. Mtu amesema 'nukta', simu imemwandikia neno nukta! Mimi ndiyo nayakata, nayapanga, nawauliza hapa ulimaanisha nini. Wengine hawakumbuki."

Hapo amegusa penyewe. Kuongea na kuandika ni vitu viwili. Tukiongea tunarudia, tunazunguka, tunasema "yaani", "kwa hiyo sasa", "unajua bwana". Ukiyaweka hayo kwenye ripoti, bosi atadhani ulikuwa umelewa. Wanaoufaidi uandishi huu ni wale wanaoandika kwanza vichwa vitano au sita kwenye kikaratasi: nilikwenda wapi, nilikuta nini, nilifanya nini, tatizo gani limebaki, naomba nini. Ndipo wanabonyeza kipaza sauti. Asiye na mpangilio kichwani, simu itamwandikia huo mvurugano wake neno kwa neno.

SIRI ZA WATU HEWANI

Hapa naomba utulie kidogo. Ukiandika kwa kalamu, anayekuona hajui unaandika nini. Ukisema, kila aliye karibu anasikia. Nimepanda gari kutoka Newala kuja Masasi na kaka mmoja aliyekuwa anaisemesha simu ripoti yake ya ustawi wa jamii. Abiria wote tulijua nani kampiga nani, na kwa sababu gani. Ungekuwa ni wewe uliyepigwa, ungejisikiaje?

Kuna na masikio usiyoyaona. Programu nyingi za namna hii huituma sauti yako kwenye mitambo ya kampuni iliyoko mbali, huko ndiko inakogeuzwa maandishi, ingawa nyingine humaliza kazi ndani ya simu. Mwaka 2019 vyombo vya habari vya Ulaya na Marekani vilifichua kwamba kampuni kubwa, zikiwemo Amazon, Apple na Google, zilikuwa zinawapa watu baadhi ya sauti za wateja wasikilize ili kuziboresha mashine. Baadhi ya sauti hizo zilikuwa na mazungumzo ya wagonjwa na madaktari!

Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya ya mtu zimo kwenye zile taarifa nyeti. Kwa hiyo, mpenzi msomaji, jina la mgonjwa halisemwi kwenye simu. Sema "mgonjwa wa kwanza", "mama wa kitanda cha tatu", jina utaliandika kwa mkono baadaye. Na waulize wakubwa wako kazini kama wanaruhusu. Afadhali uulizwe kwa nini umeuliza kuliko kwa nini hukuuliza.

LAFUDHI YAKO NI MALI

Vijana wengi niliokutana nao wana kisingizio kimoja: "Simu hainielewi kwa sababu ya lafudhi yetu ya Kimakonde." Wamakua na Wayao wa Masasi nao wanasema hivyo hivyo. Wanajilaumu wao!

Acheni hizo. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walizipima mashine za kampuni tano kubwa za Marekani, zile za Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa Wamarekani weupe zilikosea wastani wa maneno 19 katika kila 100. Kwa Wamarekani weusi, maneno 35. Hao wote ni Wamarekani, Kiingereza ni chao. Tatizo lilikuwa mashine, haikuwa imesikiliza watu weusi vya kutosha.

Ndivyo ilivyo na kwetu. Mashine inamjua yule iliyemsikiliza. Kama sauti za kuifundisha zimetoka mijini, mtu wa Newala atabaki mgeni. Dawa yake ni kuifanya isikie. Mradi wa Common Voice wa taasisi ya Mozilla unakusanya sauti za watu wanaojitolea. Unasoma sentensi fupi, wengine wanasikiliza na kupiga kura kama umesoma sawa, na sauti hizo zinawekwa wazi kwa yeyote anayetaka kutengeneza programu. Mwaka 2021 mradi ulitangaza kupata dola milioni 3.4 kwa ajili ya Kiswahili. Sauti ya kijana wa uwandani inaweza kuingia humo, na "ubwiriunguri" wake pamoja.

Na msidhani hili ni jambo la vijana wa simu tu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama Tanzania. Miaka hii ya 2020 Mahakama ya Tanzania imeingia kazini na kampuni ya Almawave ya Italia kwa ajili ya mfumo wa kunakili na kutafsiri mwenendo wa kesi kwa Kiswahili na Kiingereza. Mahakimu wetu wameandika ushahidi kwa mkono miaka nenda rudi, shahidi anaambiwa "subiri, nimalizie kuandika". Mashine ikiwasaidia, safi sana. Lakini siku mzee wa Newala atakaposimama kizimbani na kusema "sikuwepo", nataka mashine iwe imeshawahi kumsikia mzee wa Newala.

KABLA HUJABONYEZA

Haya, kwa wale wanaopenda kukata na kutunza, nimewawekea mafupi niliyoyaokota kwa watu wa kazi:

Kwanza, andika vichwa vya ripoti kwenye kikaratasi kabla ya kusema chochote.

Pili, simama mahali pametulia, upepo na pikipiki ni adui. Simu iwe karibu na mdomo lakini isimezwe.

Tatu, sema sentensi fupi, nzima, kwa mwendo wako wa kawaida. Ukiongea kama roboti unaichanganya, maana ilifundishwa na watu.

Nne, namba, tarehe, saa, majina ya watu na vipimo vya dawa, vyote kwa kidole.

Tano, kila penye kukataa, refusha. Badala ya "hana", sema "hakuwahi kuwa na". Badala ya "si salama", sema "ni hatari".

Sita, soma siku hiyo hiyo, kwa sauti, ukiwa bado unakumbuka ulichokiona. Ukingoja wiki, utaiamini simu kuliko macho yako.

Saba, ripoti ya kuumiza au kuokoa mtu, mpe mwenzako aisome kabla ya saini.

NENO LANGU LA MWISHO

Wapo watakaosema huu ni uvivu wa kizazi hiki. Mimi nasema hapana. Yule bwana shamba anayesema alichokiona chini ya mkorosho anaandika ukweli mwingi kuliko anayekumbukakumbuka usiku kwa kibatari. Wapo wenye ulemavu wa macho au mikono ambao kalamu iliwanyima kazi, leo wanaandika kwa mdomo. Hilo peke yake linatosha kuiheshimu mashine hii.

Lakini ripoti ni ahadi. Chini yake kuna mstari, na kwenye mstari huo inakaa saini. Sijawahi kuona ripoti iliyosainiwa na simu. Mkulima akipunjwa kilo, mgonjwa akipewa dawa inayomdhuru, atakayeitwa ofisini ni wewe, na ukijitetea kwamba "simu ndiyo iliyoandika" utachekwa kuliko ubwabwa wa Unguja.

Kwa hiyo sema, iandike. Ikishaandika, isome. Halafu ndiyo utie saini kwa mkono wako mwenyewe.